Kiazi ya tate

Juzi hapa Buffalo, saa mbili na nusu ya usiku, jua ilikuwa ingali kwa dirisha. Mtoto wangu akakataa kulala: “Mama, bado mchana!”

Nikakumbuka nikiwa mtoto kule kwetu, kanisa yetu yenye kunuka nyasi mbichi, na mama misionere akituambia kwao kaskazini kuna siku jua haizami. Bon, mimi nilijua mji moja tu yenye haina usiku: mbinguni. Nikajua mama misionere anatoka kule. Nikamuletea kiazi ya moto.

“Mama misionere,” nikamuambia, “ukirudia kwenu, umupelekee tate, mama ya baba yangu. Tulimuzika. Anapendaka kukaa mbele kwa kanisa, utamuona upesi.”

“Asante sana!” akajibu, akaanza kuimenya. Leo najua Kiswahili yake ilikuwa bado changa.

“Mama, hapana! Ni ya tate!” nikalia.

Sasa naishi huku jua inachelewa. Si mbinguni, asubuhi kazi inaningoja. Lakini juzi, mbele ya kufunga pazia, nilichungulia barabara kidogo, pengine tate anapita, anauliza kiazi yake.