Siku Tuliyojisalimisha Mabamba

Jamani, hili nalisimulia mwenyewe kwa sababu huko sokoni Kibondo limeshatiwa chumvi mpaka limekuwa chungu, na wapo watu wazima na akili zao ambao mpaka leo hawaniiti Filbati, jina nililobatizwa, wananiita Mikono Juu, na mimi naitika.

Ilikuwa miaka ya tisini, vita imechacha ng'ambo ya Burundi, na sisi vijana tulikuwa na timu mpya ambayo kusema kweli haikuwa timu, lilikuwa kundi la watu waliovaa jezi zinazofanana. Saidi, mtoto wa mwenye duka, akipata mpira hautoi mpaka anyang'anywe, na Nestori ndiyo kabisa hakuwahi kumpa pasi, kwa kuwa Nestori alikuwa amevuka mpaka na mama yake mdogo juzijuzi tu na Saidi alimwita "mgeni". Kocha wetu, Mwalimu Zabloni, kila mazoezi alikuwa akisema, "Semezaneni, vijana! Mpira hauchezwi kimya kimya." Tunaitikia, "Ndiyo, Mwalimu," halafu kila mtu anaendelea na lake. Kepteni nilikuwa mimi (msiniulize walinichagulia nini, nadhani ni sauti).

Basi tukapata mechi ya kwanza ya ugenini, Mabamba, kule mpakani. Kocha akatangulia kwa baiskeli, sisi tukapanda lori la mahindi, na kabla hatujafika springi ikakatika. Dereva akasema, "Fuateni barabara hii hii, mtafika." Hapo ndipo nilipofungua mdomo. Nilishawahi kwenda Mabamba na baba kununua mbuzi, nikiwa mdogo, kwa hiyo nikawaambia, "Barabara inazunguka, tutachelewa. Nifuateni, njia ya mkato naijua." (Naijua! Nilichokuwa nakijua mimi ni mbuzi.)

Tukaingia porini, njia ikawa nyembamba, ikawa ya mbuzi kweli, halafu ikaishia kwenye kijito chenye matete marefu kutuzidi. Tukavuka. Upande wa pili Nestori akasimama.

"Kepteni, huu si mto wa mpaka?"

"Hapana."

"Una hakika?"

Nikageuka kukitazama kile kijito, na kila mtu akaelewa. Nilikuwa nimelowa mpaka magotini. Nestori alikuwa amebadilika rangi, macho yake hayatulii, na mimi nilipomwona yeye anaogopa nikajua mambo yameharibika, maana sisi vita tulikuwa tunaisikia redioni, yeye aliiona.

Tukapenya shamba la mahindi yaliyokauka, kila jani likiguswa linapiga kelele, na ghafla tukasikia: pa! Pa-pa! Pa!

Tulilala chini wote. Wawili wakataka kukimbia, Nestori akawavuta miguu. "Laleni! Anayekimbia ndiye anayeonekana." Akaanza kutambaa mbele, Saidi akamshika shati, mimi nikamshika Saidi, nyuma yangu wakashikana hivyo hivyo kama kamba moja, na huku mbele milio inazidi, pa! pa! na filimbi, na watu wengi wanapiga kelele. Bukta yangu ilikuwa imelowa (nilisema ni kile kijito, lakini kijito kilikuwa cha magotini).

Mara sauti ikauliza mbele yetu, karibu kabisa: "Muri bande?"

Sasa hayo maneno, "nyie ni nani", ni ya Kirundi na ni ya Kiha chetu pia, na moyo ukishadunda sikio halichagui. Nikajua tumekwisha. Nikatoa jezi nyeupe kwenye mfuko, nikaifunga kwenye bua la muhindi, nikainuka nikiwa nimeipandisha juu, machozi yanatoka, nikapaza ile sauti waliyonichagulia ukepteni: "Msituue! Msituue, sisi ni wachezaji tu!" Na nyuma yangu timu nzima ikasimama, mikono juu.

Mbele yetu alikuwepo bibi mmoja ameshika fimbo. Alikuwa anapura maharage, yeye na wenzake, pa, pa, pa. Nyuma yao kulikuwa na uwanja wa Mabamba wenyewe, na uwanja umejaa watu waliotusubiri mpaka refa amechoka kupuliza filimbi, na Mwalimu Zabloni amesimama na mpira kwapani.

Walicheka, jamani. Yule bibi alikaa chini juu ya maharage yake.

Kipindi cha kwanza tulifungwa mawili, na kila tukigusa mpira uwanja mzima unanyoosha mikono juu. Mapumziko nikangoja kutukanwa. Kocha akatutazama tu, halafu akasema polepole, "Mmetoka kwenye mahindi mmeshikana mashati. Mbona hapa kila mtu anaogopa peke yake?"

Basi. Kipindi cha pili tukaanza kuitana, "Nyuma yako! Niko hapa!", kwanza kwa sauti za kutetemeka, na Saidi, kwa mara ya kwanza tangu timu iundwe, akamwona Nestori, akampa, Nestori akafunga. Tulifungwa mbili kwa moja, lakini timu ilianzia pale, na msimu uliofuata hata Kasulu walitujua kwa mpira wetu (na kwa lile jina, nisidanganye).

Jioni tulirudi kwa lori jingine, tumekaa juu ya magunia. Nestori akaniuliza, "Unajua nilichoogopa kule?"

"Vita."

"Vita naijua. Niliogopa mkiona tumevuka mtarudi mbio, mniache, kwa sababu nyie mnasema kule ni kwetu."

Nilitaka kumwambia tusingemwacha, lakini siku hiyo nilikuwa nimeshasema vya kutosha kuhusu nisivyovijua. Saidi, ambaye nilidhani amelala, akasema bila kufungua macho, "Tukuache, halafu mama yako mdogo tukamwambie nini?"

Tangu hapo sijatamka tena neno "naijua" mbele ya watu wanaonifuata. Hata njia ya kisimani nauliza, na nikijibiwa nauliza mara ya pili.