Kibao cha Dirisha la Pili

Mimi wivu siujui. Wivu ni wa watu wasiojiamini, na mimi najiamini mpaka kioo cha nyumbani kimechoka kunitazama.

Sasa sikieni kilichotokea ofisini kwetu. Watu waligoma kuhudumiwa. Naam, waligoma, wamekaa zao kwenye benchi!

Tunatoa vyeti vya kuzaliwa. Dirisha la kwanza ni langu. La pili akaletwa jamaa mmoja mpole, tukambatiza Shemasi.

Shemasi alikuwa na ugonjwa mmoja. Akisema cheti kitakuwa tayari Jumanne, basi Jumanne kiko tayari. Kikikwama, anampigia mtu simu mapema asije akapoteza nauli.

Jamani! Mimi "njoo kesho" yangu ilikuwa imenilea vizuri tu.

Foleni yake ikawa inafika mlangoni. Kwangu nzi wanapiga miayo. Halafu tukasikia bosi anatafuta msimamizi wa ukumbi, cheo nilichokiota kabla Shemasi hajaijua hata njia ya ofisini.

Roho iliniuma, chai nikaiacha mezani.

Siku hiyo Shemasi akawaambia watu wake, "Nafuata faili masjala, nakuja."

Alipopotea tu, nikanyoosha mkono, nikageuza kibao chake: DIRISHA LIMEFUNGWA.

"Haya wananchi, huku! Dirisha la kwanza, hakuna foleni!"

Hakuna aliyenyanyuka.

"Kwani hamwoni limefungwa?"

Fundi cherehani mmoja akanijibu bila hata kugeuza shingo, "Kibao tumekiona, kaka. Ila yeye kasema anakuja."

Ile "kasema anakuja" ilinichoma kuliko pasi. Mimi miaka yote nasema, nani aliwahi kunisubiri?

Chukueni hili bure: dirisha unaweza kulifunga kwa kibao, imani ya watu huiwezi.

Zogo langu likamtoa bosi. "Nani kafunga dirisha hili?"

"Mwenyewe, mkuu," nikawahi. "Kachoka, kafunga. Si unawajua watu wa sifa?"

Hapo mama mmoja akasimama katikati ya foleni ya Shemasi.

Mama yangu mzazi.

"Mama! Unafanya nini hapa?"

"Nimefuata cheti cha mdogo wako. Wewe uliniambia njoo kesho tangu hajaota meno. Leo ananyoa ndevu."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Yeye hakucheka. Akamgeukia bosi.

"Baba, kibao kageuza huyu. Nilimwona. Nimemzaa mwenyewe, siwezi kumfananisha."