Kiapo Kilichomshinda Amelia

Amelia aliuza makopa ya muhogo katika soko la Chikongola, na wenzake walimjua kuwa mwanamke asiyeyumba. Akikwambia muhogo huu haujakauka, haujakauka, hata ukisimama pale kubishana naye mpaka jua lizame. Mambo ya nyumbani kwake Chuno aliyaamua hivyo hivyo. Kanisani alisali kwa bidii, ila mara nyingi alimpelekea Mungu shauri ambalo yeye alikwisha kulikata.

Vita vilipofika kijiji cha wazazi wa mumewe, ng'ambo ya mto Ruvuma, mume huyo, Cesar, alivuka kwenda kumchukua mama yake. Alisema hatakawia. Masika yakapita, yakaja mengine na mengine tena, na simu yake haikupatikana.

Ndipo mtu mmoja aliyekimbia huko akamletea habari. Alikuwa ameona maiti kando ya njia, imevaa fulana ya njano ya kwaya ya parokia yao, kama ile aliyoondoka nayo Cesar. Uso hakuutazama, alikuwa anakimbia. Amelia aliuliza maswali machache, akapiga hesabu kichwani, akaona hakuna jibu jingine. Matanga yakawekwa. Akavaa nyeusi, na muda wake ulipotimia akaivua.

Baadaye akaja Erasto, mtunza ghala la korosho. Alikuwa mgane mpole, mwenye kusema kidogo, na Vania, binti wa Amelia, alimpenda. Alileta posa kwa heshima. Zuhura, jirani wa Amelia pale sokoni, alimwambia mwanamume kama yule haji mara mbili. Amelia naye aliona hivyo. Kila alivyolipima jambo hili, lilikuwa sawa.

Padre alimweleza kwamba ndoa haiwezi kufungwa bila kujulikana hakika kuwa Cesar amefariki. Ushahidi wa yule mkimbizi ungesikilizwa, na Amelia angetakiwa kuapa juu ya yale anayoyaamini.

"Wewe mwenyewe unaamini amefariki?" Padre akamuuliza.

"Akili yangu inaamini, Baba."

"Na unaposali?"

Ukweli ni kwamba kila Amelia alipopiga magoti kumwombea Cesar pumziko la milele, maneno yalikwama. Alikuwa akidhani ni uchovu.

"Nikisali sijui," alisema.

"Basi usiape usilolijua. Mwachie Mungu."

Alitoka pale amekasirika. Amwachie Mungu nini, na kwa namna gani? Mungu mbona hasemi? Na ule mkwamo wa sala, atajuaje kama ni Mungu anamzuia au ni moyo wake tu unaong'ang'ania marehemu? Alimwomba Mungu ishara. Siku hiyo hiyo Erasto alimletea Vania viatu vya shule, Amelia akasema moyoni, hii hapa. Kesho yake akaota Cesar anamwomba maji ya kunywa, akasema, hapana, ni hii. Mwishowe aliacha kuomba ishara, kwa kuwa aliona anazitafsiri mwenyewe. Akabaki na sala moja fupi: "Bwana, mimi sielewi. Nishike nisikosee."

Alimwambia Erasto hawezi kuolewa naye. Erasto alimuuliza kosa lake, naye akamwambia kosa hana. Zuhura alimwona amerukwa na akili. "Mama Vania, umekataa riziki kwa kitu usichokijua hata jina?" Amelia alikubali kwamba ndivyo ilivyo, akaendelea kupanga makopa yake. Erasto akaoa mwingine, na Amelia alilia kwa uchungu wa mtu aliyejiharibia mwenyewe.

Kiangazi kilichofuata, Cesar alirudi.

Alikuja kwa miguu, amekonda, mguu mmoja anauburuta. Mama yake alikuwa amefia porini. Fulana hakukumbuka ilikoishia. Mambo mengi hakuyakumbuka, au hakutaka kuyasema. Mlango ukigongwa kwa nguvu alijikunyata ukutani. Vania alimwogopa. Majirani walimshangilia Mungu kwa vigelegele, na Amelia alipiga magoti kushukuru, akashukuru kweli, lakini alipoinuka alijiuliza kama huyu ndiye aliyetunziwa, na kama ni yeye, mbona ni mzigo mzito hivi. Siku nyingine aliliona jina la Erasto likipita kichwani, akaona haya.

Asubuhi moja alimpelekea mumewe uji barazani, alikopenda kukaa peke yake. Cesar aliupokea, kisha akamuuliza bila kumtazama, "Ulidhani nimekufa?"

"Nilidhani hivyo."

"Mbona hukuolewa?"

Amelia alikaa karibu naye.

"Nilitaka," alisema. "Kila nilipotaka kusema umekufa, nilizuiwa."

"Na nani?"

"Si mimi. Mimi nilikwisha kuamua."

Cesar aliitikia kwa kichwa polepole, akamsogezea bakuli la uji ili naye anywe.