Mtu wa Kwenye Pakiti

Kwa miaka kumi na tisa Fundi amechapa pakiti za sigara, na juu ya kila pakiti yupo mtu yuleyule wa picha ya onyo: mdomo wazi, macho yamemtoka, kifua kimebonyea. Kila baada ya karatasi mia tano huchomoa moja, huilaza chini ya kioo cha meza, huikagua kwa lenzi. Kisha hutoka nyuma ya ghala kuvuta.

"Umezoeana na marehemu wewe," mwenzake wa mashine ya pili humtania.

"Mtu wa mbali huyo. Tena alivuta kwa fujo. Mimi navuta kwa adabu."

Jumanne moja kikohozi kilimkaba, kioo kikaingia ukungu. Ukungu ulipofifia, taswira ya uso wake kwenye kioo ilikuwa imekaa juu ya uso wa yule mtu, jicho kwa jicho, haikuzidi hata unywele. Akatupa karatasi. Akalaza nyingine. Bado walilingana.

Nyumbani, barua ya kliniki ilikuwa na miezi miwili juu ya kabati: aende akapigwe picha ya kifua. Mkewe alishamhubiria hadi sauti ikakauka, na kadiri alivyohubiri ndivyo Fundi alivyowasha sigara nyingine. Siku hiyo hakuhubiri.

"Baba watoto, hebu nikumbushe yale ya lebo za dawa."

Fundi akanyanyuka kitini. "Lebo inasema vijiko vitano badala ya kimoja! Bosi ananiambia pitisha, nikazima mashine. Watoto wa watu wale! Mimi kosa nikiliona silipitishi, liwe la nani."

"Najua. Ndiyo maana nikakubali kuolewa na mtu mwenye kucha nyeusi za wino."

Akacheka. Mkewe akaiweka barua kando ya sahani yake. Kwa mara ya kwanza Fundi aliisoma hadi mwisho.

Kliniki, daktari alitundika picha mbele ya taa. Kabla hajasema lolote, Fundi alishatoa lenzi mfukoni, akainama. Chini ya ubavu wa tatu palikuwa na doa kama punje ya haragwe. Akalisugua kwa kidole gumba. Halikuwa wino.

"Fumba mdomo, baba," daktari alisema taratibu. "Pumua."

Hakujua kwamba ulikuwa wazi.

Akaufumba. Akarudisha lenzi mfukoni. "Hilo silipitishi," akasema. "Niambie tunaanzia wapi."