Nilibandua stika moja kwa ukuta wa site Ruiru, kila mtu akaacha kumwamini mathe

Wakuu, niaje.

Haya nitakayoandika ni kweli tupu. Nikidanganya mahali, admin afunge account yangu, afunge na ya sister yangu pia, hata kama yeye hajakosea kitu.

Naanza na upuzi wangu kabla mtu hajanichoma kwa comments. Nilibandua stika ya mathe, yaani mama yangu, kwa ukuta wa kando ya mjengo, nikaibandika nyuma ya helmet ya foreman. Baadaye nikairudisha ukutani kwa kukadiria na macho, na sikuambia mtu.

Ni hiyo tu. Najua unaona ni kitu kidogo. Mimi pia niliona hivyo.

Mimi niko form three, tunaishi Ngoingwa hapa Thika. Mathe ni surveyor. Zamani alikuwa anapima mashamba huko Gatuanyaga, mpaka siku alifukuzwa na bata mzinga mbele ya familia mbili zilizokuwa zinagombana, zikapatana kwa kucheka. Siku hizi yuko kwa mijengo.

Likizo ya August aliamua hataniacha kejani peke yangu. Sababu tunaijua mimi na jirani, tuiache hapo.

Kwa hivyo kila akienda site tulienda na Probox yake, mimi nikibeba miguu mitatu ya ile mashine ya kupimia na kujifanya nimesoma.

Site ilikuwa Ruiru. Flats, chini parking. Sasa parking ya chini inataka shimo, na shimo lilichimbwa kando kabisa ya ukuta wa jirani. Nyuma ya huo ukuta kuna karakana ya Mzee Kirpal, ambaye familia yao imekuwa ikitengeneza mashine za posho mill hapo tangu kabla mathe azaliwe.

Hapo ndipo stika zinaingia. Mathe alikuwa amebandika stika sita kwa ule ukuta, zimepangwa kwa mstari, kila moja na alama ya msalaba. Kila wiki anazipiga na mashine kutoka mbali aone kama kuna iliyosonga. Ukuta ukianza kulala, stika zinasema mapema, kabla mtu hajasikia kitu.

Yeye huniambia kuonyesha watu nguzo itasimama wapi ni nusu ya kazi. Nusu ingine ni kwamba ukiona kitu kwa site kinaweza kuua mtu na unyamaze, umesaidia kuua.

Nilikuwa naskia hiyo maneno hivi, inaingia huku inatokea huku.

Siku ya kwanza alinisimamisha kwa gate akanisomea sheria kama hajawahi kuniona. Helmet. Reflector. Boots, ambazo zilikuwa za babangu, nikavaa na soksi tatu. Usipite nyuma ya excavator kabla dereva akuangalie machoni. Usikanyage ule ukingo mwembamba kati ya ukuta na shimo. Usiguse chochote kimebandikwa, kimepigiliwa ama kimepakwa rangi.

Hiyo ya mwisho aliirudia mara mbili.

Foreman alikuwa anaitwa Karis. Mwanaume wa kutembea na mikono nyuma, kama mwalimu wa zamu. Yeye na mathe hawakuwa wanaivana. Karis alikuwa amerundika udongo uliochimbwa hapo hapo ukingoni, ukaegemea ukuta, ati anangoja lori. Mathe alimwambia uzito huo usikae hapo. Karis akasema ndio madam. Udongo ukakaa.

Mimi naye alikuwa ananiita "assistant wa mama", mbele ya wasee wote wa kazi. Hiyo iliniuma.

Basi siku moja mathe alikuwa upande wa barabara na mashine yake. Nikaona stika namba tatu imeinuka pembe. Nikapita ukingoni, ndio, pale pale nilikatazwa, nikaibandua. Karis alikuwa ameinama anaelekeza watu. Nikaipachika nyuma ya helmet yake, pap.

Wakuu, alizunguka site nzima akiwa na alama ya msalaba kichwani. Wasee walikuwa wanafia ndani kwa kicheko. Hakuna aliyemwambia.

Alipovua helmet akule, nikaichomoa stika, nikarudi ukingoni, nikaipaka superglue nikairudisha. Nilipima na jicho. Jicho hili hili ambalo nikipiga penalty kipa huwa anakaa chini.

Wiki ingine tukarudi.

Mathe akapiga stika zote. Akapiga tena. Akaenda kuhakikisha msumari aliopigilia barabarani, ule anaanzia kupima kutoka hapo, haujaguswa, akahamisha mashine, akapiga mara ya tatu. Akaanza kutafuna kifuniko cha biro, na mathe hatafuni kitu bila kuomba.

Akaniambia tano zimeshuka na kusonga upande wa shimo. Moja imepanda.

"Ukuta haupandi," akasema, kama anaongea na hewa.

Mimi nikaanza kuangalia mawingu.

Sasa hapa nataka mnielewe. Najua namba tatu ilikuwa kazi yangu. Lakini hizo zingine tano? Sikuzigusa. Na kitu cha kwanza kuingia kwa akili yangu haikuwa ukuta. Ilikuwa Karis.

Asubuhi hiyo nilikuwa nimemwona amesimama karibu na huo ukuta, mikono nyuma, anaziangalia stika moja moja kama mtu anayechagua viatu Gikomba. Kwa nini? Foreman ana haja gani na stika?

Nikapiga hesabu yangu. Huyu anazisogeza usiku ndio mathe aonekane hajui kazi, aletwe surveyor mwingine asiyeuliza maswali ya udongo. Kesi ilikuwa imekamilika kwa kichwa yangu. Kilichobaki ni pingu.

Mathe akamwendea. Nikafuata kwa umbali wa kusikia.

Alimwambia atoe watu chini ya ukuta saa hiyo, aondoe huo udongo, na engineer aitwe aje aone kabla mtu hajarudi shimoni. Huko chini kulikuwa na wasee wanne. Mmoja ni Otis, ambaye kila siku alikuwa ananigawia nusu ya chapati yake na kuniuliza kama shule bado wanapika githeri ya mawe.

Karis hakubishana. Alitabasamu. Hapo ndipo niliogopa.

"Madam, hizo stika unaziamini? Uliza kijana wako. Wiki iliyopita nilizunguka hii site nikiwa nimevaa moja kichwani."

Alikuwa anajua. Wakuu, alijua siku hiyo hiyo, akanyamaza wiki nzima, akaiweka kama mtu anayeficha nyama ya kesho. Jiulizeni wenyewe mtu huweka kitu kama hicho ya nini.

Mathe hakupandisha sauti. Alinigeukia tu.

"Uligusa ngapi?"

"Moja."

"Gani?"

"Ya tatu."

"Na zingine?"

"Sijagusa. Haki mathe, sijagusa."

Mathe akamwambia Karis namba tatu aitupe kwa hesabu, hizo tano zingine zinatosha, na zote zinasema kitu kimoja.

Karis akauliza, kwa upole kabisa, aliyegusa moja anashindwa aje kugusa sita. Akapigia mwenye mjengo, akaweka loudspeaker. Mwenye mjengo akasema watu waendelee na kazi, na madam akija kupima tena aje bila watoto.

Wasee wengine walisikia. Mathe akaenda ukingoni, mbali kidogo na ukuta, akawaita watoke. Otis aliangalia juu. Akamwangalia mathe, akamwangalia Karis. Karis akatikisa kichwa. Otis akainama akaendelea kuchimba.

Sijawahi kuona mathe akisema kitu na kisifanyike. Hata kejani, hata mbwa.

Akaniambia nitoke nikasimame nje ya gate. Nikatoka.

Huko nje nikakuta kesi ingine. Mzee Kirpal alikuwa anamfokea watchman wake kuhusu mlango wa store. Aliponiona akaacha watchman, akanijia mimi. Inaonekana sifa zangu zilikuwa zimeruka ukuta.

"Ni wewe unacheza na mlango yangu?"

Nikamwambia mzee, leo nimelaumiwa ya kutosha, mlango upi?

Akanishika mkono wa shati akanipeleka. Ni mlango wa chuma, wa store iliyo ndani kabisa, inayoegemea ule ukuta wetu. Akaniambia huo mlango ulikuwa unafungwa na kidole kimoja. Siku hizi umekataa. Yeye alikuwa na hakika wezi wamejaribu kung'oa bawaba, na kwamba watchman anawajua. Alikuwa ameufunga na waya.

Nikaangalia bawaba. Hakuna alama, hata mkwaruzo. Lakini pembe moja ya mlango ilikuwa inasugua sakafu, na juu, upande wa pili, kulikuwa na mwanya wa pembe tatu unaopitisha mwanga.

Mlango ulikuwa sawa. Fremu ndiyo ilikuwa imelala. Ilikuwa imelalia upande wa shimo.

Wakuu, Karis anaweza kusogeza stika. Mimi naweza kusogeza stika. Lakini hakuna mtu anasogeza fremu ya chuma iliyojengewa ndani ya ukuta wa mawe.

Kesi yangu yote ikavunjika hapo, na ningependa sana ibaki. Afadhali foreman mwenye hila kuliko ukuta unaotembea na Otis yuko chini yake.

Nilikimbia. Kwa gate nikakumbuka helmet, nikarudi nikaivaa, kwa sababu hiyo siku sikutaka kosa lingine hata la bure.

Nilipomwambia mathe, aliniangalia vile unaangalia simu inayosema betri ni full na uliichaji dakika mbili. Lakini alikuja. Akaweka kile kipimo chake kidogo cha maji kwa fremu. Kale kapovu kakakimbilia kona, kakakaa huko.

Akanituma nimwite Karis, na nimwambie anaitwa na mwenye ukuta.

Karis akaja mikono nyuma. Mzee Kirpal akamuuliza kama ni yeye anaiba. Karis akasukuma mlango. Akasukuma tena na bega. Akainama, akaangalia ule mwanga wa pembe tatu.

Kisha akakimbia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona mikono yake ikiwa mbele. Tulimsikia akiita watu watoke, waache kila kitu, waache hata koleo.

Walitoka. Wakakaa upande wa barabara wakifungua chakula, wengine wakinung'unika kwamba kazi imesimamishwa na mlango wa Mhindi.

Hawakuwa wamemaliza kula.

Haikulia kama kwa sinema. Ilikuwa sauti ya lori likimwaga kokoto, ndefu kidogo. Ukingo ukaenda na ule udongo wote, na kipande cha ukuta kikafuata, na stika yangu na za mathe ndani. Vumbi likapanda. Likashuka. Pale Otis alikuwa anachimba palikuwa na mawe, na mkono wa wheelbarrow ukitokeza.

Hakuna aliyeumia.

Otis alikaa kwa tofali. Kisha akanipa chapati yake yote. Nilishindwa kuila, na mnajua nikishindwa kula chapati kuna shida.

Engineer alikuja, kazi ikafungwa, Mzee Kirpal akaomba watchman msamaha kwa sauti ya chini sana. Karis naye nilimuuliza, mbona hukusema mapema kama ulijua juu ya stika. Akasema alisahau.

Alisahau. Mimi bado siamini. Nasema hivyo mbele yenu, na hata mathe hajasema anaamini.

Lakini asubuhi hiyo yote nilikuwa nashuku mtu, na kitu kilichokuwa kinaanguka kilikuwa mbele yangu na namba zake zimeandikwa. Nilichojifunza ni hiki: stika ya surveyor, kigingi chake, msumari wake, ukikuta umeinuka ama umegongwa, mwambie. Hata kama ni wewe umegonga. Hasa kama ni wewe. Usirudishe kimya kimya. Akijua kimoja kimeguswa atakitupa na kazi iendelee. Asipojua, kuna mtu mahali anajua, na anangoja siku yake.

Mlio kwa mijengo, niambieni: mngemwamini mathe siku hiyo, ama mngeinama kama Otis? Na huyo Karis mnamwonaje? Wa kunitukana pia wapange laini, sitajibu kwa hasira.

Tukarudi Thika na Probox. Tulipofika Witeithie ndio mathe akaongea, macho kwa barabara, na nayaandika vile aliyasema:

"Leo wale watu wametoka kwa shimo kwa sababu ya mlango wa mtu. Walifaa watoke kwa sababu mimi nimesema. Hicho ndicho ulibandua, baba. Na funga mshipi. Umekaa hivyo tangu Ruiru."