Aliyemeza Dawa Zote

Mwaka wa 2012 nilipewa kazi ya kuuliza watu kama wamepona. Watafiti kutoka Nairobi walitaka kujua matibabu ya kifua kikuu Turkana yanamgharimu mgonjwa kiasi gani, anahudumiwaje, na mwisho wake huwa nini. Mimi ni mzaliwa wa Lodwar, Kiturkana nakijua, na kazi sikuwa nayo.

Nilianzia Kakuma. Kwenye kambi ya wakimbizi, mama mmoja wa Sudan Kusini aliyekuwa akiuza chai alinikatiza kabla sijamaliza swali la pili. "Wewe andika tu mzuri yote. Sisi fomu tumezoea." Nilikasirika, halafu nikaandika mazuri yote, maana jua lilikuwa kali na fomu zilikuwa nyingi.

Lodwar ndiko nilikochanganyikiwa. Kando ya kituo cha afya palikuwa na manyata, vibanda walimokaa wafugaji wa mbali kwa miezi sita ya dawa, wasije wakakatiza matibabu na kufuata mifugo. Siku yake ya kumaliza dawa nilimhoji mama mmoja kijana, mnene, mcheshi. Faili lilisema alipokelewa akiwa mifupa mitupu, anakohoa damu.

"Umemeza dawa zote?"

"Zote. Hata mkojo ulipogeuka mwekundu sikuacha."

Nikaweka alama penye "amepona", nikajisikia fahari kana kwamba nimemtibu mimi.

Mapema 2013 nikatumwa Lorugum kuwatembelea waliopona. Nilipotaja jina la mgonjwa wangu, akatoka mama mwingine, mtu mzima, amejikunja kwa kikohozi, ameshikwa mkono na yule mcheshi.

Walikuwa wake wenza. Mkubwa ndiye aliyekuwa mgonjwa. Alimeza dawa mwezi mmoja akapata nafuu, kisha kiangazi kikambana: mbuzi wake walihitaji maji, na hakuwa mtu wa kumwachia mwingine mbuzi wake. Nafasi ya manyata isipotee bure, akamtuma mke mdogo aikalie. Muuguzi aliyempokea mke mkubwa alikuwa amehamishwa. Huyu mpya alijua jina, sura hakuijua. Kwao halikuwa jambo la kuficha. Mmoja akishindwa kuchota maji, mwenzake humchotea. Akishindwa kukaa msibani, mwenzake humkalia.

"Sikukosa hata siku moja," mdogo aliniambia, akiitazama fomu yangu kama anayengoja kusifiwa. "Sasa mbona hajapona?"

Nilitaka kumgombeza nikashindwa. Umri wa mgonjwa ulikuwa umeandikwa kwenye faili, na mimi niliyesoma sikuutazama.

Nikawapakia wote wawili kwenye pikapu hadi Lodwar. Karani wa mapokezi akalitoa faili. "Huyu alipona. Si iko hapa?"

Nikaeleza, nikaeleza tena. Mgonjwa alikuwa ameketi sakafuni, ameegemea magoti ya mwenzake. Karani akakuna kichwa. Faili lililofungwa halifunguliwi bila barua ya daktari, na daktari alikuwa safarini. "Tuandike jina ya huyu mwingine, mgonjwa aanze leo. Barua itakuja."

Nikakubali. Mpaka leo sijui kama nilifanya vizuri.

Mgonjwa aliishi siku kumi na moja. Barua haikuja. Kwenye karatasi, mke mkubwa alikuwa mzima na mke mdogo marehemu. Niliandika kisa chote pembeni mwa fomu, kwa herufi ndogo ndogo, nikapigiwa simu kutoka Nairobi kwamba kompyuta haisomi pembeni. Nichague kisanduku kimoja. Nilikata simu kwa hasira, kisha nikakaa na kalamu mkononi nisijue nani ananidanganya, wao, karatasi au mimi mwenyewe.

Nilirudi Lorugum kutoa pole. Mke mdogo alikuwa amenyolewa kichwa, amepungua. Nilimwomba msamaha, hakuonekana kuelewa ni wa nini. Alisubiri nimalize. Kisha akaziba mdomo kwa kiganja, akakohoa, akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Mimi sasa nije kwa jina la nani?"