Waridi Lisilochumwa

Mwaridi wetu uliletwa kutoka pwani na bibi yangu mzaa mama. Kilikuwa kijiti kimoja, amekichomeka ndani ya kiazi kibichi kisikauke njiani, kisha akakifunga kwa kitambaa chenye maji. Kwao ulikuwa ukiota mchangani, karibu na bahari, unapigwa na upepo wa chumvi na hakuna aliyeumwagilia. Hapa mtaani Nyamirambo, mbali na bahari, aliupanda uani, pembeni mwa karo la kufulia, kwenye udongo mwekundu wa mlima. Majirani walimwambia utakufa. Bibi amekufa, majirani hao wengi wamekufa, mwaridi upo.

Hautaki kubembelezwa. Haupigwi dawa wala haufungwi kwenye fito. Kiangazi chote unakaa umenuna, majani yamejikunja, na mvua ya kwanza ikinyesha unachipua kama vile hakukuwa na neno. Miiba yake ni mifupi na mingi, inashika kanga na inashika kuku. Maua ni madogo, ya pinki iliyofifia, petali zimesongamana kama watu waliojibanza chini ya mwavuli mmoja. Harufu yake, asubuhi ya baridi, ilifika mpaka mlango wa mbele.

Lakini nyumbani kwetu hakuna aliyeliona waridi lililofunguka lote. Mama yangu alikuwa muosha maiti wa wanawake mtaani, na kila ua lilikuwa na kazi. Alituamsha kabla ya jua. "Chumeni sasa," alisema. "Likishaonwa na jua, harufu inaondoka, tunabakiwa na majani." Petali alizitia kwenye sufuria yenye maji kidogo, akaweka bakuli katikati, akafunika kwa kifuniko kilichopinduliwa na kukijazia maji baridi juu. Mvuke ulipanda, ukagonga kifuniko, ukadondoka ndani ya bakuli. Asubuhi nzima ya kazi ilitoa chupa ndogo moja. Chupa hiyo ilingoja mwanamke fulani afe, na alipokufa maji yake ya mwisho yalinukia pwani, hata kama yeye hakuwahi kuvuka Kabuga, pembeni mwa mji.

Mama alipougua, baba alikuwa amekwisha kututangulia. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Homa ilimchoma siku nyingi, na jioni moja, nikiwa sijui la kufanya, nilichukua chupa ya mwisho kabatini nikaimimina yote kwenye beseni la kumwogeshea. Alifumba macho, akanusa, akatabasamu. Hakunikaripia. Baada ya siku nne alifariki. Kilikuwa kiangazi, mwaridi hauna hata tumba. Mwanamke aliyewapa wengine maji ya waridi alioshwa kwa manukato ya dukani yaliyonuka mafuta ya nywele. Nilishika birika nikimwaga maji, na nikaapa: hakuna tena mtu wa nyumba hii atakayeondoka hivyo.

Shule niliiacha muhula huohuo. Nilikaa kwenye cherehani ya mama, nikashona sare na magauni, nikalea wawili: mdogo wangu wa kiume, na wa mwisho, msichana aliyekuwa na miaka minne. Huyu wa mwisho alizaliwa na selimundu. Anayeujua ugonjwa huo wa damu anajua maisha yetu yalivyokuwa. Wiki tatu za kucheka, halafu usiku mmoja mifupa inaanza, na mtoto analia kama anavunjwa.

Na mimi niliuchuma mwaridi. Ufundi wa sufuria haukunikubali, kila mara niliunguza. Kwa hiyo nilikausha petali kwenye ungo juu ya bati, nikazitia kwenye kopo la maziwa ya unga na kufunga kwa nguvu. Siku ikifika, nilijiambia, nitazichemsha. Sikusema siku gani wala ya nani. Nadhani kila mtu nyumbani alijua.

Yule msichana alijua mapema kuliko wote. Alikuwa na kama miaka kumi na minne aliponikuta nikipalilia chini ya kichaka.

"Dada, huo mti unaupalilia wenyewe, au unanipalilia mimi?"

"Nyamaza. Maneno gani hayo?"

"Ninauliza tu, sha, dada yangu. Mbona mimi sipaliliwi hivyo nikiwa mzima?"

Kaka yake alicheka mpaka akamwaga chai. Mimi sikucheka. Nilimtuma msichana akaanue nguo.

Mwaka jana, mvua za masika zikielekea kwisha, maumivu yalianza kumjia kila wiki. Alikuwa na miaka kumi na saba. Alilazwa, akatoka, akalazwa tena. Aliporudi safari ya pili alikuwa mwepesi kiasi kwamba kaka yake alimshusha kwenye pikipiki kwa mkono mmoja. Aliomba mkeka utandikwe uani, karibu na karo. Mwaridi ulikuwa na tumba moja tu limebaki.

"Hilo usilichume," alisema.

"Kwa nini?"

"Nataka kuliona likifunguka. Halafu nataka kuliona likidondoka lenyewe. Maisha yangu yote sijaona. Nyie mmeona?"

Kaka yake alitikisa kichwa. Mimi nikasema, "Mama alisema likiona jua harufu inaondoka."

"Inaondoka kwenda wapi? Si itakuja hapa nilipo?"

"Kopo halijajaa," nilisema, na maneno yalipotoka niliyasikia jinsi yalivyo.

"Dada," alisema taratibu, "mimi nikishakufa pua sitakuwa nayo."

Nilikwenda kwenye cherehani. Nilishona mshono mmoja mara tatu na kuufumua mara tatu. Alfajiri iliyofuata niliamka kama kawaida na ungo mkononi. Tumba lilikuwa limechanua ncha, na umande juu yake. Hii ndiyo saa yenyewe. Nilisimama mpaka vidole vikafa ganzi, na jua likatoka juu ya mlima likaliona lile ua, na mimi nikaliacha. Nilirudi ndani na ungo mtupu. Alikuwa macho. Alivuta shuka.

Lilifunguka kwa siku mbili. Sikujua kwamba ndani yake kuna manjano. Umri wote huo nimelishika kila msimu, na sikujua. Yeye alilala kwenye mkeka akiliangalia, na harufu haikwenda popote, ilikuwa palepale, nzito zaidi mchana kuliko alfajiri. Mama alikosea, au alisema hivyo ili tuamke.

"Sasa linadondoka lini?" aliuliza siku ya tatu.

"Sijui. Ndiyo mara yangu ya kwanza."

"Kichwa ngumu, kama wewe."

Siku ya nne pumzi ilianza kumkatika. Kaka yake alikwenda kuwasha pikipiki, halafu akaona haitafaa, akakimbia kutafuta gari. Gari lilikuja. Tulikuwa bado hatujafika barabara kubwa alipoegemea bega langu. Nilidhani amesinzia.

Tulimrudisha nyumbani. Wanawake walikuja, pamoja na bibi mmoja jirani aliyekuwa akiosha na mama zamani. Maji yaliwekwa jikoni. Nilitoa kopo kabatini. Nilikuwa nimelifunga kwa nguvu mno, na petali za mwisho hazikuwa zimekauka sawasawa. Nilipofungua, harufu ya ukungu ilijaa chumba. Petali zote, misimu yote ile, zilikuwa zimeshikana kuwa donge la kijivu lenye vidudu.

Nilikaa chini. Yule bibi alinichukulia kopo mkononi, akalifunika.

"Mwanangu, si faradhi," alisema. "Maji safi yanatosha. Karafuu maiti ipo."

"Niliapa, bibi."

"Uliapa ukiwa mtoto."

Mwanamke mwingine, jirani wa upande wa pili, aliyekuwa amesimama mlangoni, alichungulia uani. Alitaka kusaidia, simlaumu. "Mbona kuna waridi pale?" alisema. "Limefunguka vizuri. Tulichume tulitie majini, japo moja. Mama yenu angependa." Alikwisha kupiga hatua mbili na kukunja kanga asishikwe na miiba.

Nilinyanyuka nikasimama kati yake na mwaridi. Mdogo wangu wa kiume, aliyekuwa karoni akijaza madumu, ndiye aliyesema, "Mama, liache. Lile lina mwenyewe."

"Mwenyewe si ndiye huyu tunayemuosha?"

"Ndiyo," nilisema. "Ndiye aliyekataza lisichumwe."

Alinitazama kama mtu aliyerukwa na akili, akarudi ndani. Nilimuosha mdogo wangu kwa maji ya bomba. Nilianza upande wake wa kulia kama mama alivyonifundisha, nikamimina taratibu, nikamsuka nywele mikia mitatu. Maji yalinukia karafuu maiti peke yake. Kiapo changu kilivunjika pale, mikononi mwangu, na mwaridi ukiwa umesimama na ua lake nje ya ukuta.

Alizikwa alasiri. Watu walirudi, walikula, waliondoka. Kwa siku mbili nilipita karoni bila kugeuza kichwa. Siku ya tatu nilitandika mkeka palepale, nikaacha cherehani, nikakaa. Mdogo wangu wa kiume alikuja akakaa pembeni bila kuuliza. Kulikuwa na vumbi la kiangazi na hakukuwa na upepo. Yapata saa nne petali moja iliachia. Haikuanguka moja kwa moja, ilikwama kwenye mwiba, ikaning'inia, kisha ikashuka kwenye udongo. Halafu tatu pamoja. Halafu zote zilizobaki, kwa mkupuo, kama mtu aliyechoka kushikilia.

"Basi ndivyo linavyokuwa," alisema mdogo wangu.

Jioni nilifagia uani, nikazunguka pale petali zilipoangukia, nikaziacha.